Iache Injini Ipumue

11 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Najua umeshanisema. Umekaa huko machimboni ukasema, huyu alipotaka bomba alinikimbiza kwa barua, alipolipata kanyamaza kama mwenye deni. Sema tu, haki unayo. Nisamehe kwa kukawia. Kila siku nilikuwa nakuandikia kichwani huku nashona, na kila siku kalamu ilikuwa mbali na mkono ulikuwa na mtoto.

Hapa tu wazima. Mama miguu yake ni ile ile, asubuhi inamkatalia, mchana inamkubalia. Anasema nikuambie kwamba ulimi haumwi, kwa hiyo ukirudi ujiandae. Mpwa wako ametoa jino la pili, na jino hilo nusura litutoe sisi roho. Lile jina la Kinanda ulilompa kwa sababu ya kulia kwa sauti zote limemganda, hata mimi majirani wananiita Mama Kinanda. Ameanza kusimama akishika ukingo wa kiti. Anayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi, akianguka anacheka mwenyewe.

Sasa bomba. Lilifika salama ndani ya gunia. Shemeji yako alilifungulia barazani, Mama akalitazama unene wake akauliza, "Hilo la gari au la maji machafu?" Unajua gari lilivyokuwa limetuangusha. Tangu masega yazibe, yale ya ndani ya bomba yanayochuja moshi, lilikuwa linapumua kwa pua moja. Kwenye mlima mkubwa madereva wenzake wanampita wanampigia honi za kejeli, na abiria wana macho, kesho yake wanapanda la mwingine. Basi akaja Fundi Spana wa mtaa wa nyuma, wakajifungia bandani siku nzima. Wakakata masega wakatoa, wakatoa na sailensa ya katikati, wakafunga bomba lako kutoka kwenye tabo, ile inayoisukumia injini hewa, hadi nyuma. Nikawauliza, "Na hayo mnayotupa hayakuwa na kazi?" Fundi Spana akacheka. "Mama Kinanda, kazi yake ilikuwa kulikaba gari koo."

Kaka, limekuwa gari jingine. Shemeji yako anasema linapanda mlima kama linateremka. Abiria wamerudi, na yeye amerudi kucheka mezani. Kwa hilo ahsante, tena si ya mdomoni.

Nina langu moja. Kinanda hataki kulala mchana kabisa, na mimi nina sare za shule nzima za kushona. Shemeji yako hurudi mchana kula na kujinyoosha kabla ya abiria wa jioni. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba injini ya tabo haizimwi papo hapo, iachwe iungurume mpaka tabo ipoe, na amelishika neno hilo kuliko mengi niliyomwambia mimi. Siku moja nikamlaza mtoto kiti cha nyuma wakati injini inaunguruma, na kabla sijafunga mlango alikuwa amelala. Tangu lifungwe bomba lako ndiyo kabisa. Mngurumo ni mzito, kiti kizima kinatetema. Siku hizi namlaza humo kila mchana, na injini naiacha iendelee mpaka nimalize kola zangu. Cherehani nimeihamishia mlangoni mwa banda ili nimwone. Mama anasema huyu ataolewa na dereva wa trekta.

Nakuuliza wewe unayejua: kuna ubaya kuiacha iungurume muda wote huo na mtoto yumo? Mwenzangu, shemeji yako, anasema hakuna. Nataka nisikie kwako.

Mimi kichwa kinanigonga siku hizi, lakini ni usingizi tu. Kula vizuri. Funika kifua ukitoka kwenye moto.

Mdogo wako.


3 Machi

Mdogo wangu, Mama Kinanda,

Barua yako imenikuta juu ya ngazi nachomelea mkono wa mashine ya kusaga mawe. Kwa haraka nikaanza kuisoma na miwani ya kazi usoni, nikadhani umeniandikia gizani.

Nimekusamehe, ila usirudie. Huku simu ni tochi tu, mtandao haujawahi kututembelea. Tunaishi kwa lori la mahitaji. Barua zenu husafiri juu ya magunia ya vitunguu, kwa hiyo ukiniona nalia nikizisoma usijisifu. Afya ninayo. Vumbi ni jeupe, jioni tunafanana wote, msimamizi hawezi kujua nani alichelewa. Jirani yangu wa kitanda ameacha kidole kwenye mkanda wa mashine. Anasema kilikuwa kidole cha kuonyeshea watu, sasa amepata adabu.

Mwambie Mama namwogopa vile vile.

Nimefurahi kuhusu gari. Bomba lile nililichomelea mwenyewe saa za mapumziko. Utazame mshono wake uniambie kama hausimami mbele ya mshono wako wa kola! Mwambie shemeji mambo haya. Bolti zikishapata moto na kupoa, azikaze tena, chuma kipya hulegea. Maungio ya chini ya tabo ndiyo yenye kazi kubwa, moshi unatoka pale na presha yake yote. Pale asirudishie gasketi ya zamani, ile pete ya kuzuia moshi usivuje, afunge ile mpya niliyotuma.

Na swali lako, usiwe na wasiwasi, hakuna ubaya wowote. Injini ile ikiwa na oili na maji ya kutosha itaunguruma mchana kutwa isichoke. Tena tabo itafurahi. Iacheni ipumue. Atazame tu mshale wa joto usipande.

Kichwa chako kinataka maji na kulala. Nyinyi mafundi nguo mnajiona mna chuma mwilini.

Kaka yako, Cheche.


19 Machi

Kaka,

Salamu zako zimefika na Mama amezipokea, amesema kumwogopa tu hakutoshi, umtumie na soksi nzito. Kinanda ana meno matatu. Mimi nipo.

Barua yako nilimsomea mwenzangu mezani. Nilipofika kwenye gasketi mpya uliyotuma akaacha kutafuna. "Gasketi ipi?" Nikamwambia hiyo hapa imeandikwa. Akasema gunia alilifungua mbele ya macho yetu, bomba lilikuwemo, vibano vilikuwemo, gasketi haikuwemo. Fundi Spana alirudishia ya zamani akaipaka ile dawa nyekundu ya kuzibia, akasema inashika kuliko kucha.

Nikamwambia amrudie Spana wafungue waangalie. "Gari halivuji. Lingevuja ungesikia harufu." Nikamwambia basi kaza bolti, kaka kasema. "Jumapili." Jumapili imekuja, ikaketi na sisi, ikaondoka.

Sasa nikuambie ninayoyaona, maana mimi gari silijui. Sakafuni mwa banda, chini ya mahali anapokaa dereva, pana alama nyeusi ya masizi ambayo zamani haikuwapo. Abiria wa siti ya nyuma wawili wamelalamika kichwa, akawaambia ni kona za mlima. Mama alikaa nami bandani kunichambulia vifungo, alipoinuka akatapika. Kinanda siku hizi haamki mwenyewe, mpaka nimwamshe, na nikimwamsha anakuwa mlegevu, shingo haina nguvu, maziwa anayarudisha. Tunasema ni meno. Kila kitu tunasema ni meno.

Harufu kweli hakuna. Hapo ndipo ninaposhindwa kubishana naye.

Kaka, uliponijibu hakuna ubaya, ulikuwa unaijibia injini. Mimi nilikuuliza mtoto. Pengine sikuandika vizuri. Nijibu tena, na lori lisiondoke bila barua yako.

Mvua zimeanza, tena za upepo. Mwenzangu ameteremsha turubai pande zote za banda nguo za watu zisilowe. Nimejaribu kupunguza kumlaza humo, lakini shule zinafunguliwa na sare hazijaisha. Sikudanganyi, bado namlaza.

Mdogo wako.


8 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sisalimii. Mtoe mtoto kwenye gari hilo. Usimlaze humo tena, hata kwa muda wa kufumba jicho. Turubai lipandishwe. Injini isiwashwe bandani, gari lisukumwe nje kwa mikono kwanza. Na wewe ondoa cherehani hapo.

Moshi wa gari una hewa ndani yake isiyo na harufu wala rangi. Harufu mnayoijua ni ya vitu vingine. Hiyo hewa hujulikana kwa kichwa kuuma, kutapika, kulegea, usingizi. Yote uliyoyaandika. Masega ndiyo yaliyokuwa yanaipunguza, na masega yametoka. Ikiwa maungio ya chini ya tabo yanavuja, inatoka chini kabisa ya alipolala, inapanda ndani.

Swali lako nililisoma kifundi.

Gasketi niliituma. Naapa niliiweka. Kung'uteni gunia.

Daraja limezama na lori limekwama ng'ambo. Barua hii nampa mtu anayevuka kwa miguu, ameniahidi ataipeleka posta ya kwanza atakayoiona. Msomee shemeji kwa sauti. Akibisha, mwambie nimesema mimi niliyemfundisha hiyo tabo.

Kaka yako.


27 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui kama ile ilifika. Naandika tena yale yale kwa sababu sina lingine la kuandika: mtoto asilale garini.

Nilipanda juu ya kilima cha mawe ya taka na simu mkononi, nikazunguka huko mpaka chaji ikaisha. Wenzangu walikuwa chini wananiita, "Cheche, Mungu hapokei namba hiyo!" Nilicheka nao.

Daraja linatengenezwa. Wanasema wiki hii, kama walivyosema wiki iliyopita.

Niandikie chochote. Niambie Kinanda ana meno mangapi sasa.

Kaka yako.


2 Juni

Kaka,

Hujambo? Umeshinda vumbi? Mama anakusalimu, miguu afadhali kidogo baada ya mvua kuisha. Nyumba imesimama. Sare za shule nilizirudisha nusu hazijashonwa, wamempa mwingine, sikuwalaumu.

Barua zako mbili zimefika siku moja. Uliuliza meno. Ni manne.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa hospitali na mtoto, na nilipokuwa sipo hospitali nilikuwa nimekaa tu. Nitaandika sasa mara moja, usiniulize tena baadaye.

Ilikuwa mwisho wa Machi. Wewe ulikuwa hujashika hata kalamu, kwa hiyo daraja usilichukie, lisingesaidia. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatusikilizani. Mume wangu akarudi mchana, akaingiza gari bandani, akaniachia linaunguruma, akala, akaenda chumbani kujinyoosha. Nikamlaza Kinanda kiti cha nyuma. Nikafunga mlango, mimi, kwa mkono huu ninaoandikia. Nikakaa kwenye cherehani. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu asubuhi, na vidole vikawa vizito, uzi ukanishinda kuuingiza kwenye sindano. Nikasema nilaze kichwa hapa juu ya meza nifumbe macho tu. Ndilo ninalolikumbuka.

Mama ndiye aliyekuja. Mwenyewe anasema, "Mvua ilipopungua nikasikia cherehani imenyamaza na gari halijanyamaza. Nikaita, hakuna. Nikajua." Alitoka na fimbo yake na miguu ile. Akanivuta kwa nywele, kaka, mpaka nikaangukia nje kwenye matope. Kisha akaupiga mlango wa chumba akipiga kelele, mume wangu akatoka hana shati, akamtoa mtoto. Alikuwa kama nguo iliyoloa.

Hospitali walimwekea hewa safi puani na mimi wakaniwekea. Mimi niliamka siku hiyo hiyo nikatapika nikawa mtu. Mtoto alikaa muda mrefu hajazinduka. Daktari alitukuta mimi na mume wangu kando ya kitanda chake mtoto. Akauliza, "Nani alimlaza mtoto kwenye gari linalowaka?"

Mume wangu akasema, "Injini ya tabo haizimwi papo hapo, daktari. Lazima iachwe."

Daktari akamtazama. "Sikuuliza injini."

Nikasema ni mimi.

Ameniambia hewa ile iliingia kwenye damu ikakaa mahali pa hewa safi, na ubongo wa mtoto ukakaa bila chakula chake. Amerudi nyumbani. Anakula nikimlisha, anameza polepole, lazima nimshike kidevu. Shingo inaanguka nyuma. Kukaa hawezi, kusimama kumeondoka kabisa kama vile hakukuwahi kuwapo. Anatazama taa, hanitazami mimi. Na halii, kaka. Akilowa halii, akiwa na njaa halii, nahesabu mwenyewe kwa kukisia. Majirani wanapita barazani wanasema mtoto ametulia siku hizi.

Gari lipo nje. Mume wangu alipofika nyumbani alilitoa bandani, akaosha kiti cha nyuma kwa sabuni, sijui alikuwa anaosha nini. Baada ya siku chache nikamwona anavaa koti la kazi. Nikachukua ufunguo mezani nikautia mfukoni. Akaniambia, "Tutakula nini?" Nikamwambia, "Jumapili zako. Zipo nyingi, hatujazigusa." Hakunipiga, hajawahi. Alikaa kwenye ngazi akavua koti. Sasa anabeba mbao kwenye ghala, mabega yamechubuka. Usiku huu nimempaka mafuta. Hatuongei sana, lakini nimempaka.

Nimechoka. Nitaandika tena.

Mdogo wako.


21 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimeomba ruhusa ya kuja, msimamizi amesema hakuna wa kushika kazi yangu mpaka mashine kubwa iishe. Nimemwomba tena leo asubuhi. Amesema hivyo hivyo.

Sijui niandike nini. Uzeni hilo gari. Uzeni lilivyo, liondoke machoni mwenu. Na huyo Spana msimwache hivi hivi, mtu anapaka dawa mahali penye moto ule kisha anaitwa fundi! Mpelekeni polisi. Kila mtu ajibu alichokifanya. Shemeji naye, kukaza bolti kunachukua muda gani?

Mimi nimeamua kuacha kuchomelea. Nimewaambia wanipe kazi ya kupakia mawe. Nikishika fimbo ya moto mshono unanipotea, jana nimetoboa bati la watu.

Mbusu Kinanda. Mwambie mjomba wake anakuja. Mwambie hata kama hasikii.

Kaka yako.


9 Julai

Kaka yangu,

Salamu kwanza, hata tukiwa na huzuni tusiwe washenzi. Mama amepokea soksi na amezivaa, ingawa anasema moja ni ya mguu wa tembo. Mume wangu anakusalimu, amesema nikuandikie hivyo, nami naandika. Kinanda nimembusu, na nimemwambia maneno yako karibu na sikio. Sijui.

Sasa nisikilize, na usinikasirikie, mimi ni mdogo wako lakini leo nitasema kama dada mkubwa.

Barua ya mwisho hukuitaja gasketi. Ya mwanzo uliitaja, iliyofuata ukaiapia, na hii, ambayo umewataja watu wote na makosa yao, hukuitaja. Gunia nimelikung'uta, nimeligeuza ndani nje. Sikuulizi, na barua zangu zote zitakazokuja sitakuuliza. Mume wangu naye hulitaja bomba, humtaja Spana, turubai halitaji, ambalo alilifunga yeye. Mama peke yake ndiye anayesema kila kitu kwa jina lake, kwa sababu kosa lake yeye ni uzee tu. Mimi mlango wa gari nimeshautaja, sitautaja kila siku.

Spana nilimwendea mwenyewe. Nilimkuta chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo ilikuwa nje. Nikaiambia miguu yaliyompata mtoto. Ikasema, "Mama Kinanda, mimi nilifunga nilicholetewa." Nikarudi. Polisi sitakwenda, sina wa kumwachia mtoto nikae kwenye mabenchi yao.

Gari siliuzi. Nilivyo na hasira nalo ningelichoma, lakini siliuzi. La kwanza, atakayelinunua ana watoto au atabeba watoto wa watu, na mimi sitamwuzia mtu hewa ile ndani ya gari kisha nikalala. La pili, mazoezi ya viungo aliyoandikiwa mtoto hospitali yako ng'ambo ya mlima mkubwa. Nilimpeleka mara moja kwa basi. Kila shimo kichwa chake kilikuwa kinaruka na mikono yangu miwili haikutosha. Watu walinihurumia, aliyenipisha kiti hakuna. Gari hilo ndilo litakalompeleka, madirisha wazi, bomba likiwa zima kama lilivyotoka kiwandani. Mbio hatutaki. Lipande mlima kama bibi mwenye mzigo, wanaotaka kutupita watupite, wapige na honi.

Yule wa mazoezi ni mama wa makamo, ana mikono migumu kama ya seremala, hacheki ovyo. Alimshika Kinanda nyonga na mgongo, akamzungusha, akamwinua. Kisha akasema, "Huyu huenda akakaa." Hakusema atakaa. Nikamwuliza, na kusimama? Akasema, "Tuanze na kukaa, mama." Basi hiyo "huenda" nimeichukua nimerudi nayo nyumbani, ndiyo niliyo nayo. Amesema mtoto lazima akalishwe kila siku, kwa kiti chenye kumshika, la sivyo mgongo utapinda. Viti vyao viwili vina watoto wanaosubiri zamu.

Kwa hiyo kazi ya kuchomelea huachi. Ya kupakia mawe waachie wenye migongo. Mshono ukikupotea pumzika, kunywa maji, shika tena. Mimi pia uzi unanishinda kwenye sindano na nimeanza kushona upya, polepole, barazani, penye upepo. Sina kaka mwingine, na Kinanda hana mjomba mwingine mwenye moto huo mkononi.

Ufunguo ninao bado. Mume wangu anajua hautatoka mfukoni mpaka vitu hivi vifike na maungio yote yapakwe maji ya sabuni injini ikiwaka, mbele yangu, pasitoke hata povu moja. Amekubali. Alisema, "Nitayapaka mwenyewe," na hakusema Jumapili.

Mdogo wako anayekupenda.

Ninavyovihitaji nimeviandika hapa chini, na mpe dereva wa lori avitie mkononi mwangu mimi:

Gasketi ya chuma ya maungio ya chini ya tabo, mpya, na nyingine ya akiba. Zifunge kwenye karatasi peke yake, uandike juu yake kwa mkono wako.

Bolti za maungio hayo zote na nati zake. Za zamani sizitaki hata moja.

Masega mapya ya gari la tabo. Yakikosekana, niambie yamekosekana, usiniletee bomba tupu.

Sailensa ya katikati.

Kipande cha bomba kinachonyumbuka, kile ambacho mume wangu anasema kilikuwapo zamani na hakikurudishwa.

Kiti cha mtoto, cha bomba jembamba, ukichomelee wewe. Kutoka makalio hadi nyuma ya goti, shubiri yangu moja. Kutoka makalio hadi begani, shubiri moja na nusu. Upana wa nyonga, kiganja changu na vidole vitatu vya mkono wa pili. Kiwe na mkanda wa kifuani na wa mapajani, mahali pa kupumzishia miguu, na mbawa mbili za kushika kichwa kisianguke upande wowote. Mishono yote ipige tupa iwe laini, upitishe ulimi wako ukipenda, usipokukata ndiyo tayari. Sponji na kitambaa nitavivika mimi.

Vipimo hivyo ni vya leo. Usikifanye kimbane, acha nafasi ya kukua.